Mlinganyo wa Zinki kwenye Msalaba wa Njagi

Paa la nyumba ya Mwalimu Njagi lilipungua kila mwaka.

Mwanzoni lilikuwa paa la kawaida la mtu wa Gachoka, mabati yaliyotokeza nje ya ukuta kiasi cha hatua nzima, ya kukinga jua na kuteka maji siku mvua inapoikumbuka Mbeere. Lakini shule ya kutwa aliyofundisha kemia haikuwa na zinki. Ilikuwa na chupa za asidi, ilikuwa na mirija ya vioo, ilikuwa hata na picha ya mtu aliyevaa miwani ya kujikinga macho, ila zinki haikuwa nayo. Basi kila mara darasa lilipofikia somo la metali na asidi, Njagi aliegemeza ngazi ukutani, akapanda na mkasi wa bati, akakata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka ukingo wa paa lake, akautia mfukoni na kwenda kufundisha.

"Ndani ni chuma, nje ni zinki," aliwaambia wanafunzi. "Asidi huanza na aliye nje."

Kufikia mwaka wa ishirini na tano paa lilikuwa sawa na ukuta. Mwaka uliofuata likaanza kuingia ndani, na mvua ya Aprili ikamkuta kitandani. Alichofanya ni kusogeza kitanda.

Dadake mdogo, Winrose, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni, alimwendea na kumsihi.

"Njagi, si uambie shule inunue zinki?"

"Nimewaambia. Wamesema italetwa."

"Lini?"

"Hawakutaja mwaka."

Njagi hakuoa. Aliyemjali ni Winrose, na aliyemsumbua Winrose ni yeye. Kila Jumamosi alikuja kibandani kwake, akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kumfundisha kusawazisha milinganyo ya kemia. Winrose alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka ishirini na tisa iliyopita, kemia ikiwa imemshinda kabisa, na hakukuwa na mtihani wowote uliokuwa ukimngoja. Hilo halikumzuia Njagi.

"Angalia hapa. Namba ndogo ya chini aliiweka Mungu. Namba kubwa ya mbele unaiweka wewe. Yako unaweza kubadilisha mpaka pande mbili zitoshane. Ya Mungu usiguse."

"Na nikigusa?"

"Ukikosea yako, unafuta. Ukigusa ya Mungu umeumba kitu kipya, na wewe si muumba. Wewe ni fundi wa nguo."

Winrose aliitikia, akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuelewa neno. Alichopenda ni kwamba kuna mtu mzima anayeweza kufurahi hivyo kwa sababu ya namba mbili.

Kanisani Njagi alikuwa vivyo hivyo. Siku moja baada ya ibada kijana alimuuliza, kwa kejeli, jinsi ya kusawazisha mikate mitano na samaki wawili upande huu, na vikapu kumi na viwili upande ule. Watu walicheka. Njagi hakucheka. "Huo ni muujiza," alisema. "Muujiza hatusawazishi, tunashukuru. Lakini wewe usijaribu mtihanini." Mchungaji Veronicah, aliyekuwa amesimama mlangoni akisalimia watu, aliirudia habari hiyo kwenye mahubiri matatu.

Mwaka jana figo za Njagi zilichoka. Alilazwa wiki tano, na Alhamisi moja, Winrose akiwa amemshikia kikombe cha uji, alisema atakachotaka msalabani. Jina, tarehe mbili, na chini yake mlinganyo wa zinki na asidi ya haidrokloriki.

"Uwe umesawazishwa," alisema.

"Njagi, kunywa uji."

"Kaburi litakuwa kando ya njia, Winrose. Watoto wanapita pale kwenda shule. Wakiona kosa kwa kaburi la mwalimu, watalinakili kwenye mtihani. Niahidi."

Winrose aliahidi. Alikuwa tayari kuahidi chochote alimradi uji uishe. Hakumuuliza mlinganyo wenyewe unaandikwaje, kwa sababu mtu aliyeujua alikuwa pale pale mbele yake, akipumua. Jumapili alfajiri hakuwa akipumua tena. Madaftari yake yote, Winrose alipoyatafuta, mchwa walikuwa wameyatangulia. Lilibaki jalada.

Kwa kina Winrose, mfiwa hafanyi kazi. Hupewa kiti, hupewa chai, na kila kitu huamuliwa na kamati ya mazishi. Ni desturi nzuri sana, mpaka siku mfiwa anapokuwa na jambo la kusema.

Kamati ilikutana Jumatatu alasiri nyumbani kwa marehemu, chini ya hema, kwa sababu ndani paa halikutosha. Mwenyekiti alikuwa Ndwiga, mwenye duka la dawa za mifugo. Wanakamati walikuwa kumi na tisa, na kumi na wanane walikuwa wanafunzi wa zamani wa Njagi. Wa kumi na tisa alikuwa Mzee Njuki, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kusoma kemia na alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo.

Walijadili gari, hema, sufuria za kupikia muthokoi. Walipofika kwenye msalaba, Winrose aliinuka.

"Keti mama, pumzika," sauti kadhaa zilisema.

"Nimepumzika. Marehemu aliomba jina, tarehe, na ikwesheni ya zinki na asidi."

Ndwiga alishusha kalamu. "Ikwesheni kwa msalaba?"

"Kwa msalaba. Na iwe sawa."

Mtu mmoja aliandika kwenye karatasi anachokumbuka, Zn na HCl, na karatasi ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mzee Njuki. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu Zn ni nani?"

"Ni zinki, mzee. Ile ya bati."

"Kwa hivyo tunamzika Mkristo chini ya bati?"

"Ni alama tu, mzee."

"Hata zile za wachawi ni alama tu."

Ndwiga alimgeukia Mchungaji Veronicah, aliyekuwa amekuja kwa mpango wa ibada. Mchungaji alifikiri kidogo. "Kanisa halina msimamo kuhusu zinki," alisema. "Haliibariki wala haliikatai."

Basi ikabaki kuusawazisha. Watu kumi na wanane waliofundishwa na mtu mmoja walitoa majibu matano. Mwingine akatoa simu akautafuta mtandaoni, na simu ikaleta mlinganyo wenye namba mbili mara tatu, zote za ukubwa mmoja, zimepangwa kwenye mstari kama askari.

"Hii mbili ya kwanza ni kubwa au ndogo?" Ndwiga aliuliza.

"Simu haijasema."

"Upande wa kulia, mbili zote ni ndogo. Hilo nakumbuka. Sasa kwa nini kushoto tuweke kubwa? Huo si ni upendeleo?" Alichukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa ili wote waone:

Zn + H₂Cl₂ → ZnCl₂ + H₂

"Hesabuni! Zinki moja, zinki moja. Haidrojeni mbili, haidrojeni mbili. Klorini mbili, klorini mbili. Nani ana swali?"

"Umegusa namba ndogo," alisema Winrose. "Njagi alisema ndogo haziguswi."

"Mama, lakini zinatoshana?"

Winrose alihesabu kwa vidole. Zilitoshana. Alihesabu tena akianzia upande mwingine, zikatoshana tena. Alijua kuna kosa kama unavyojua kuna jiwe kwenye wali kabla ya kulitafuna, lakini hakuweza kulionyesha.

"Tupige kura," alisema Ndwiga. Mbili ndogo zilipata kura kumi na moja. Mbili kubwa ilipata sita. Mmoja alipendekeza kusiwe na namba kabisa kwa kuwa ni mazishi. Mzee Njuki hakupiga. Mfiwa hapigi kura. Katibu akaandika, na mlinganyo ukapita.

Jumatano Winrose alifungua kibanda, ingawa majirani walimwambia arudi nyumbani akalale. Alikuwa akimshonea kakake shati la mwisho. Aliweka kola, akaweka mikono, akamwaga vifungo mezani achague, na pale akakwama. Vifungo vyeupe vilikuwa huku, vyeusi kule, na katikati kimoja cha chuma, cha koti.

Alikitazama kile cha chuma. Akaamua kiwe zinki.

Vyeupe vikawa haidrojeni, vyeusi klorini. Asidi ya Njagi ilikuwa HCl, nyeupe moja na nyeusi moja, basi akazitia uzi mmoja akafunga fundo. Akaleta zinki. Upande wa kulia zinki inataka nyeusi mbili; hiyo ndiyo ZnCl₂, aliiweka Mungu. Lakini kwenye fundo palikuwa na nyeusi moja tu. Ya pili itoke wapi? Hakukata wala kuongeza kwenye fundo. Alishona jozi nyingine, nyeupe na nyeusi, sawa kabisa na ya kwanza, akaiweka kando yake. Jozi mbili. Zinki ikazichukua nyeusi zote mbili, na nyeupe mbili zilizoachwa akazishikanisha zenyewe.

Hakuna kifungo kilichobaki. Hakuna kilichopungua.

Kisha akachukua nyeupe mbili na nyeusi mbili akazishona zote nne pamoja, kama kamati ilivyopitisha. Hesabu ilikuwa ile ile. Kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa asidi. Kilikuwa fungu la vifungo ambalo mtu hawezi kulivaa.

Alikuwa na miaka arobaini na saba na alikuwa ameelewa kemia. Aliinuka kwa furaha, akageukia benchi la wateja amwambie, na benchi lilikuwa tupu. Akaketi tena. Ilipita nusu saa kabla hajaweza kuona tundu la sindano.

Alhamisi alimwendea Bundi, mchora mabango. Bundi ni mtu wa Muthara aliyehamia Gachoka kumfuata mke, na hakuna kinyozi wala hoteli ambayo mkono wake haujapita. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, mweupe, herufi nyeusi zinang'aa. H₂Cl₂ ilikuwa pale, imenyooka, imependeza.

"Futa hiyo," alisema Winrose.

"Mama, pole sana kwa msiba. Siwezi."

"Ni makosa, Bundi."

"Mimi sijui kama ni makosa. Mimi najua imeletwa na kamati. Mwaka jana nilibadilisha jina la mtu kwa msalaba kwa sababu shangazi yake aliniambia. Nilipigiwa simu na ukoo mzima. Niletee barua ya mwenyekiti, nitafuta hata sasa hivi."

"Mwenyekiti hapokei simu yangu. Anasema nipumzike."

"Basi pumzika, mama."

Winrose alirudi nyumbani akiwa amejua jambo moja. Katika mazishi yote aliyowahi kuhudhuria, mfiwa hupewa nafasi moja tu ambayo hakuna mwenyekiti anayeweza kumkatiza: neno la familia, jeneza likiwa mbele.

Ijumaa watu walijaa. Wanafunzi wa shule walikaa chini kwenye mstari, na msalaba ukasimamishwa kando ya jeneza ili kila mtu auone. Winrose aliona msichana mmoja wa sare amefungua daftari juu ya goti, ananakili.

Alipoitwa, alichukua kipaza sauti, akasalimia, akamshukuru Mungu kwa maisha ya kakake. Kina mama wakaandaa leso. Kisha akatoa jozi mbili za vifungo mfukoni, na lile fungu la vinne.

"Kuna kosa kwa msalaba," alisema.

Ndwiga aliinuka. "Dada Winrose, hilo jambo lilipitishwa."

"Niko kwa neno la familia, mwenyekiti."

Ndwiga akaketi.

"Asidi ya mwalimu ni hii." Akainua jozi moja. "Zinki inahitaji mbili." Akainua ya pili. "Mbili, kila moja peke yake. Ndiyo maana mbili inakuwa kubwa, inakaa mbele. Kamati imeandika hii." Akainua lile fungu. "Kitu hiki hakipo. Mungu hakukiumba. Kimeumbwa Jumatatu, hapa kwa hema."

"Lakini zinatoshana!" Ndwiga alisema kutoka kitini.

"Ndwiga, wewe unajua mifugo. Ukienda sokoni kununua mbuzi wawili, ukaletewa mmoja mwenye miguu minane na vichwa viwili, utasema hesabu iko sawa?"

"Miguu ni minane," alisema Ndwiga, kwa kuwa ni mtu wa kusimama na azimio.

Watu walicheka, wakakumbuka jeneza, wakanyamaza. Aliyeinuka ni Mzee Njuki. Alikuwa amefuga mbuzi miaka sitini, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ngoja," alisema. "Kwa hivyo hicho kilichoandikwa pale ni mbuzi wa miguu minane?"

"Ni kama hivyo, mzee."

"Na mlitaka kumweka kwa kaburi la Mkristo?" Alimgeukia Ndwiga. "Wewe mtoto, mbuzi huyo utamchinja kwa kichwa kipi kwanza?"

Ndwiga aliangalia wanakamati wake, na wanakamati wakaangalia viatu. Kura ikapigwa upya pale pale, mbele ya jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Mzee Njuki aliinua mkono, aliinua yote miwili, mpaka akaambiwa ashushe mmoja. Mbili kubwa ikapita. Katibu akaandika nyuma ya kitabu cha mazishi, Ndwiga akatia sahihi, na Bundi, aliyekuwa amekuja kula tu, akaipokea ile barua akaisoma hadi mwisho kabla ya kugusa chochote.

Alikwangua kwa wembe. Rangi aliiagiza kwa pikipiki. Akaandika upya, ulimi nje, waombolezaji mia tatu wakimwangalia mkono:

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Kisha ikabidi rangi ikauke. Mchungaji Veronicah alirefusha mahubiri mpaka Musa akavuka bahari kwa mara ya pili. Kwaya iliimba ilichokuwa nacho, ikaanza tena. Wanafunzi wa zamani walisimama wakiuzunguka msalaba, wanaupepea kwa vitabu vya mazishi, na picha ya Njagi kwenye majalada ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayekubaliana na jambo. Winrose alienda kwa yule msichana wa sare. Msichana alikuwa ameshafuta. Alikuwa ameandika ile mpya, mbili kubwa mbele, na alikuwa ameipigia mstari.

Walimzika saa kumi. Udongo ulipokwisha, msalaba ukakitwa, na Bundi akasimama ulinzi ili mashada yasiguse rangi. Watu walianza kuelekea kwenye chakula. Mzee Njuki alibaki. Alikuwa akisoma msalaba kwa ncha ya bakora, kitu kimoja kimoja.

"Hii ni bati."

"Zinki, mzee."

"Zinki. Na hizi ni asidi mbili, kila moja peke yake. Halafu inakuwa hii."

"Hiyo ni aina ya chumvi. Inabaki chini, kwenye maji."

"Sawa. Na hizi haidrojeni mbili zimeshikana, mwisho kabisa. Hizi zinabaki wapi?"

"Hazibaki. Zinapanda."

"Zinapanda wapi?"

"Juu, mzee. Njagi aliniambia Jumamosi nyingi, hakuna kitu chepesi kama hicho duniani. Huwezi kuiona, lakini inatoka ndani ya asidi na inapanda juu."

Mzee Njuki alivua kofia. Aliutazama msalaba, akautazama udongo mbichi, akatazama juu, ambako hakukuwa na kitu ila jua la Mbeere.

"Mwalimu aliyajua haya?"

"Alifundisha haya miaka ishirini na saba."

"Na wiki nzima tumegombania mbili! Hili hukulitaja!"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mzee aligeuka kuelekea kwenye hema, akainua bakora.

"Ndwiga!" aliita. "Rudisha watu! Kuna sehemu ya mahubiri imerukwa!"

Wakarudi, wengine na sahani mikononi, wengine wakitafuna. Wakasimama kulizunguka kaburi, na Winrose akaanza kuwaeleza, kuanzia kwa zinki.